Hifadhidata ya Windows kwenye seva ya Linux

Papa, programu ya famasi yetu hapa Kadutu inatumia SQL Server Express, hifadhidata ya bure ya Microsoft, kwenye Windows. Mtoto wa kaka yangu ametuwekea seva ya Ubuntu, aina ya Linux. Tutumie Wine, ile inayoendesha programu za Windows juu ya Linux? (Mama wa famasi)

Hapana, Mama. Tangu 2017 Microsoft wenyewe wanatoa SQL Server ya Linux. Inataka RAM ya GB 2 tu kwa kuanzia. Hamisha injini peke yake, yaani hifadhidata yenyewe, programu ya kuuzia ibaki kwenye Windows ya kaunta.

Kijana achukue nakala ya akiba, ile .bak, airudishe Ubuntu kwa amri ya RESTORE. Atakwama hapo, kila mtu hukwama: nakala inakumbuka njia ya C:\ na Linux haina C. Aongeze WITH MOVE, aelekeze faili ya data na ya logi kwenye /var/opt/mssql/data. Kisha kaunta itagoma kuunganishwa. Mipangilio yake bado ina kitu kama KAUNTA\SQLEXPRESS, na Linux haitambui hilo jina la pili. Afute yote, aandike IP ya seva na poti 1433.

Express haina Agent, kipanga kazi cha SQL Server, kwa hiyo nakala ya kila usiku mpe cron, kipanga ratiba cha Linux. Na isilale kwenye diski ileile, tafadhali.

Sisi Ibanda tuna faili ya Access, watu watano wanaiandikia. Linux itaiweza? (Msomaji wa Ibanda)

Kuitunza, ndiyo, kwa Samba, programu ya Linux inayozigawia mashine za Windows faili. Lakini Access haina toleo la Linux, na kila anayeandika anaigusa faili yenyewe. Niliwahi kuwawekea watu hivyo. Seva ilikuwa na betri, swichi ya mtandao haikuwa nayo. Umeme ukakatika mtu akiwa katikati ya kuingiza ankara, faili ikagoma kufunguka, tukashinda siku nzima tukinakili upya kutoka kwenye risiti za karatasi. Niliona aibu, maana swichi ile niliichomeka mimi.

Hamishieni majedwali kwenye hifadhidata ya seva, MariaDB au SQL Server. Fomu zenu za Access ziyasome kwa ODBC, daraja kati ya programu na hifadhidata. Mtaachana pia na ukomo wa GB 2 wa faili ya Access.

Aliyetuuzia programu hapatikani tena, wala hatujui ndani yake mna nini. (Msomaji mwingine)

Basi msiifungue. Wekeni Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta; KVM ya Linux yenyewe inatosha, programu ikae humo kama ilivyo. Leseni ya Windows bado mtailipia.