Kabla ya Kumleta Chura, Subiri Oktoba Ipite

Tangi langu la samaki, lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45, lilianza kuvuja kwenye mshono wa kona, karibu na juu, na baada ya kulitia silikoni mara mbili bila mafanikio nililitoa nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Kisasa, Dodoma, nikiwa nimekata tamaa. Jirani anayeuza maandazi alikuja kuuliza bei siku hiyohiyo, kwa kuwa aliona lingemfaa kuliko kabati lake la kioo lililopasuka, nami nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya miezi 7 niliyokaa kwa kaka yangu Hamburg. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la ukubwa kama huo, ambalo badala ya maji na samaki lilijaa udongo, majani makavu na mimea, na ndani yake waliishi vyura wawili wa rangi ya buluu na njano, ambao kuwalisha kila asubuhi ilikuwa kazi yangu.

Bustani ya namna hiyo huitwa vivariamu, na mtu mwenye tangi kuukuu anaweza kuitengeneza hapa Dodoma kwa vitu vya sokoni Majengo na msaada wa fundi vioo. Hata hivyo, ushauri wangu unaanza na onyo. Hapa kwetu kinachoamua iwapo chura ataishi ni joto la Oktoba na Novemba, hata bustani yake iwe nzuri namna gani, kwa hiyo tangi lako lipitishe miezi hiyo likiwa na mimea peke yake kabla hujaanza hata kuulizia chura.

Vyura wa kaka yangu walikuwa wa aina ya Dendrobates tinctorius, ambao asili yao ni sakafu ya misitu ya Guyana, Suriname na kaskazini mwa Brazili. Huko hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na kivuli cha miti hakiruhusu joto lipande sana. Wafugaji huwawekea nyuzijoto kati ya 22 na 26 pamoja na unyevu wa hewa wa asilimia 80 hivi, na wote niliowahi kuzungumza nao waliogopa joto la kuvuka 30 kuliko baridi ya usiku. Sisi tuko kwenye nyanda kavu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Usiku wa Julai tunajifunika mablanketi, lakini alasiri ya Oktoba hata paka hulala sakafuni kwenye marumaru.

Kazi ya kwanza ni kulisafisha tangi. Ganda jeupe lililoachwa na maji ya miaka mingi hulainika kwa siki iliyoachwa juu yake kwa muda wa saa moja, kisha hukwanguliwa kwa wembe. Usitumie sabuni wala dawa ya choo, kwa sababu chura hunywa na kupumua kwa ngozi, na mabaki yoyote ya kemikali humwingia mwilini moja kwa moja. Ufa au uvujaji wa juu haukuzuii, maana maji ya vivariamu hukaa chini tu, sentimita 5 au 6, na kama mishono ya chini ni mizima tangi litafaa.

Kwa ajili ya maji hayo ya chini, mimi nilivunja vyungu vya udongo vilivyopasuka na kutandaza vigae vyake sakafuni mwa tangi. Kwenye kona nilisimamisha kipande cha bomba la plastiki chenye matundu upande wa chini, ili maji yakizidi niyavute kwa mpira mwembamba, na ninakusihi usiache hatua hii, kwa kuwa udongo uliozama majini huanza kunuka kabla ya miezi miwili kuisha. Juu ya vigae hutandazwa wavu wa kuzuia udongo usishuke, na hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu karibu miezi mitatu.

Nilikata chandarua. Kilikuwa kimetoboka, hakitumiki tena, na nilijiona mwerevu kwa kutotupa kitu. Juu yake niliweka makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa, nikapanda mimea, nikamwagia vile vidudu vyeupe vidogo kama punje za sukari, ambavyo wataalamu huviita kolembola, nilivyovikusanya chini ya magogo yaliyooza shambani kwa mjomba. Vidudu hivyo ndivyo vinavyokula ukungu na uozo na kuiweka bustani katika hali ya usafi, na chura akija huwa pia chakula chake. Baada ya siku nne sikukiona hata kimoja. Nilileta vingine, vikafa. Nilileta vya tatu, na safari hii nikakaa na lenzi nikiviangalia vikijikunja kwenye ukingo ambapo wavu ulijitokeza kidogo juu ya udongo. Ndipo nilipokumbuka kwamba vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haichagui mdudu, tena ni sumu kali kwa vyura. Nilivunja kila kitu, nikatupa udongo wote, nikaanza upya kwa wavu wa plastiki wa madirishani ambao haukuwa na dawa yoyote.

Kwa sababu hiyohiyo, usitandaze majani ya mwarobaini, ingawa ndiyo majani makavu yaliyo mengi kuliko yote katika mji huu, kwa maana nayo huua wadudu. Majani ya mkungu ndiyo bora, kwa kuwa ni mapana na hayaozi upesi; ya mpera na ya mwembe yanafuata. Yachemshe, yaanike, kisha uyatandaze tabaka mbili hadi tatu.

Mimea haikunipa shida. Mmea wa pesa utashika mahali popote, makangaga hupenda kona yenye kivuli, na bromelia, mimea ya jamii ya nanasi ambayo hupatikana kwa wauza miche, hushikizwa kwenye kipande cha gogo kwa sababu mizizi yake haipendi kuzama udongoni. Shubiri na jamii zake za nchi kavu huoza. Chochote unachonunua kioshe vizuri na ukiweke kando kwa mwezi mmoja, kwa kuwa hujui kilipuliziwa nini bustanini. Ukuta wa nyuma niliupaka silikoni ya kioo isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, nikabandika makumbi makavu juu yake ilipokuwa bado mbichi, nikasubiri wiki nzima mpaka ile harufu yake ya siki ilipokwisha kabisa.

Kifuniko kiwe cha kioo, si cha wavu mtupu kama cha samaki, kwa sababu hewa ya Dodoma itakunywea unyevu wote kwa nusu siku. Fundi alinikatia kioo cha kufunika sehemu kubwa ya juu, nikaacha ukanda wa sentimita 10 wenye wavu kwa ajili ya hewa. Taa ni ya LED, saa 10 kwa siku; balbu za kizamani zitakupikia tangi.

Maji ya kupulizia yalinisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Maji ya visima vyetu ndiyo yaleyale yanayoacha ganda ndani ya birika, na ukiyapuliza kila siku, kioo hugeuka cheupe na majani ya makangaga hupata madoa kama ya chokaa. Sasa ninakinga maji ya mvua kwa turubai safi la plastiki, mbali na paa lenye rangi na kutu, na madumu matano ya lita 20 hunitosha hadi mvua inayofuata. Yakiisha mapema hununua maji ya kunywa yaliyochujwa, ya zile chupa kubwa. Kuna aliyenishauri maji ya betri. Nilikataa, kwa kuwa dukani chupa ya maji hayo na chupa ya asidi hukaa rafu moja na hufanana mno.

Nirudi kwenye joto. Oktoba ya kwanza kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31 ndani ya tangi saa 10 alasiri, taa ikiwa imezimwa, ingawa tangi nilikuwa nimelihamishia chini, kwenye ukuta wa mashariki usiopigwa na jua la jioni. Kupuliza maji mara nyingi hakukusaidia, maana ndani ya kioo kilichofungwa hewa imeshashiba maji na hakuna kinachokauka. Jibu nilikuwa nalo jikoni siku zote: mtungi hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya udongo wake hukauka kwa nje na kuondoka na joto, na hewa ikiwa kavu ndivyo unavyopoza zaidi. Nililivika tangi gunia la katani lililolowekwa, kwa nyuma na pande mbili, nikaweka feni ndogo ya kompyuta ikilipulizia kwa nje. Joto lilishuka hadi 27. Umeme ukikatika gunia huendelea kupoza lenyewe, polepole zaidi, mradi mtu awepo wa kulilowesha kila baada ya saa mbili. Hapo ndipo mpango wangu unapoyumba, kwa kuwa siku za kazi nyumbani kwetu hakuna mtu hadi saa 11 jioni.

Mama mkwe wangu aliposikia kwamba nyumba hii ya kioo imeandaliwa kwa ajili ya vyura wenye sumu, aliuliza kama wajukuu wake watakuwa salama. Ni swali la haki. Sumu ya vyura hawa hutokana na chakula chao cha porini, hasa sisimizi na utitiri, na waliozaliwa kwenye matangi, wakilishwa nzi wadogo wa matunda, hawana sumu. Wanaosifika kwa kupaka sumu kwenye mishale ni Waembera wa Kolombia, nao hutumia Phyllobates terribilis, ambaye si huyu. Hata hivyo chura wa tangini huwa hashikwi kwa mikono, kwa faida yake mwenyewe zaidi kuliko yetu.

Nilimweleza pia habari za chura wa Kihansi, wa bonde letu la Udzungwa, ambaye mwaka 2000 maji ya maporomoko yake yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, wapatao 500 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na aliyerudishwa bondeni mwaka 2012 alitokana na wale waliozalishwa katika matangi ya kioo yenye mimea na manyunyu. Mama alisema hao angalau ni wetu.

Kuhusu sheria nitasema machache. Vyura wa jamii hii, waitwao vyura wa mishale, wako kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo huwezi kuwabeba kwenye begi kutoka Ulaya bila vibali, na vyura wa misitu yetu hawakamatwi bila idhini kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahusu. Ofisi za Wizara ya Maliasili na Utalii ziko hapahapa Dodoma. Nenda ukaulize kabla hujatumia fedha.

Tangi langu limeshapita Oktoba mbili na bado halina chura. Mkaaji pekee amekuwa mjusi mdogo wa ukutani, ambaye mwezi uliopita nilimkuta chini ya kifuu cha nazi nilichokitoboa mlango kwa ajili ya vyura watakaotaga. Nilimtafutia njia aliyoingilia kwa tochi, nikaona upenyo wa milimita 4 kati ya kioo na wavu, mahali ambapo nzi wote wa matunda wangetorokea siku ya kwanza. Nimeuziba kwa silikoni, na gunia limeshalowekwa kwa ajili ya Oktoba ya tatu.