Tazama Njia, Usitazame Nyumba

Usiku ule wa mafuriko nilikuwa nahesabu vidato. Mlango wetu una vidato vitano vya saruji, na kila baada ya robo saa nilitoka na tochi kuangalia maji yamefikia kipi. Saa nne usiku yalikuwa kwenye cha kwanza. Saa sita yalikuwa bado pale pale, nikarudi ndani moyo umetulia. Mama, ambaye hutembea kwa mkongojo, alikuwa amelala. Mdogo wangu aliniuliza mara mbili kama hatuondoki. Mara zote mbili nilimjibu hivyo hivyo: yakifika kidato cha tatu, tunatoka.

Yalifika saa tisa kasoro. Nikamwamsha mama, tukafunga vitu viwili vitatu, tukatoka. Hatukwenda hata mita mia mbili. Kabla ya daraja barabara imebonyea kidogo, kiasi ambacho mchana mtu hupita bila kugundua. Pale maji yalikuwa ya kiunoni na yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Kutoka ng'ambo mtu mmoja alitupigia kelele turudi, akasema pale hapapitiki tangu saa tano.

Tangu saa tano! Yaani saa sita, nilipokuwa narudi ndani nikijipa moyo kwa kile kidato cha kwanza, tulikuwa tumeshafungiwa saa nzima na mimi sijui.

Tulirudi, tukapanda juu ya stoo yenye paa la zege, tukakaa huko hadi jua lilipopanda. Mama alikuwa akitetemeka chini ya turubai na dawa zake za presha zilikuwa zimebaki ndani ya maji. Sote tuliokolewa. Yeye alilazwa siku tisa kwa nimonia, na kwa siku hizo tisa nilikaa kando ya kitanda chake nikiwaza vile vidato.

Basi mtu akiniuliza atajuaje kwamba wakati wa kuhama umefika, jambo la kwanza ninalomwambia ni hilo: asiitazame nyumba, aitazame njia. Nyumba mara nyingi imejengwa palipoinuka, kwa hiyo huwa ya mwisho kufikiwa. Njia ya kutokea ndiyo hupita bondeni, darajani, msituni, kwenye msongamano. Hufungwa ukiwa bado umekauka sebuleni, na haikupi taarifa.

Haihitaji maji mengi. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 huondoka na magari mengi, hata yale yaliyoinuka. Usiku huwezi kupima kina hicho kwa macho, wala huwezi kujua kama chini yake barabara bado ipo.

Na moto ni hivyo hivyo. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa msituni uliuingia mji wa Paradise, California, uliokuwa na watu wapatao 26,000. Ulianzia kilomita kadhaa kutoka hapo asubuhi na mapema, lakini upepo ulirusha makaa mbele ya moto wenyewe, na katika muda wa kama saa moja na nusu nyumba zilianza kuwaka. Barabara za kutoka zilikuwa chache, zikajaa. Watu 85 walikufa katika moto ule, wengi wao wazee, na wengine walikutwa ndani ya magari yao. Hao walikuwa wameshaamua kuondoka. Walichokosa ni muda wa kupita.

Kwa nini tunachelewa? Kwa upande wangu haikuwa kwa kutojua hatari. Nilijua mto umefura. Nilichokuwa nasubiri ni uhakika, na uhakika niliutafuta kwa majirani: nilichungulia, nikaona taa zao zinawaka na hakuna aliyekuwa akifunga mizigo, nikajiambia basi bado. Baadaye nilikuja kujua kwamba jirani wa kwanza alikuwa akichungulia dirisha letu. Waliona taa zetu zinawaka, wakatulia. Tuliona zao, tukatulia.

Kuna mahali hali ya namna hiyo iligharimu mji mzima. Huko Kolombia, mlima wa volkano wa Nevado del Ruiz ulilipuka usiku wa tarehe 13 Novemba 1985. Ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imeshatolewa mwezi mmoja kabla, na mji wa Armero ulikuwemo. Mchana ule majivu yalianza kudondoka mjini, na watu wakaambiwa watulie majumbani. Mlipuko uliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka mabondeni kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuufikia mji. Saa mbili! Vilima vya karibu vilifikika kwa miguu. Waliokufa ni zaidi ya 20,000. Nikiwaza Armero siwazi volkano, nawaza watu waliosimama milangoni wakikung'uta majivu mabegani na kutazamana.

Kwingine ilikuwa kinyume. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa na watu kama 78,000 na kilikuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004. Waliokufa huko kwa tsunami, yale mawimbi makubwa ya bahari yaliyofuata, walikuwa 7. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na hadithi tu, iliyosimuliwa na mababu tangu wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikajivuta, kimbieni milimani, msiulize. Uamuzi wao ulikuwa umeshafanywa miaka mingi kabla. Siku yenyewe ilipofika hapakuwa na cha kujadili, kilichobaki ni miguu.

Sisi nyumbani hatuna hadithi ya mababu, kwa hiyo tuliandika yetu. Wiki moja baada ya mama kutoka hospitali nilikwenda darajani na kopo la rangi nyekundu, nikapaka mstari kwenye nguzo, chini kabisa ya pale maji yanapoanza kuingia barabarani. Maji yakigusa rangi, tunaondoka. Ndani ya mlango tumebandika karatasi yenye maneno hayo na mengine mawili. La kwanza: wakitangaza mvua kubwa kule mto unakotokea, tunatoka kabla ya giza, hata kama nguzo ni kavu. La pili: mtu yeyote wa nyumba hii akisema tuondoke, habishiwi. Hili la pili niliandika kwa ajili ya mdogo wangu. Aliniuliza mara mbili usiku ule, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Ila alama peke yake haitoshi kama hujui unahitaji muda gani. Nilidhani sisi tunaweza kutoka kwa dakika kumi. Jumamosi moja, mchana, jua linawaka, nikasema "tunaondoka" na kubonyeza saa. Tulifika getini baada ya dakika 47. Mama alitaka kwenda msalani kwanza. Mkongojo haukuonekana. Funguo za chumba cha nyuma, vivyo hivyo. Mtoto alilia akitaka viatu vingine. Sasa weka giza, mvua na hofu juu ya hayo. Tangu hapo tunahesabu saa mbili, na nilishusha ule mstari wa rangi chini zaidi. Nakusihi ufanye zoezi hili walau mara moja, na ulipime kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote nyumbani, maana huo ndio mwendo wa nyumba nzima.

Nisieleweke kwamba jibu ni kukimbia kila mara. Ardhi inapotikisika, anayekimbilia nje ndiye huangukiwa na matofali na vioo. Jikinge chini ya meza imara hadi itulie, kisha ndipo utoke. Na ukiwa pwani, na mtikisiko ulikuwa mkali au wa muda mrefu, nenda moja kwa moja mahali pa juu bila kungoja tangazo. Moshi wa sumu kutoka kiwandani au kwenye lori lililopinduka unaweza kukudhuru zaidi njiani kuliko ndani ukiwa umefunga milango na madirisha, kwa hiyo hapo sikiliza wanavyoelekeza. Kimbunga kikishafika juu yenu, muda wa kuhama umepita, ingia chumba kilicho imara na kisicho na madirisha. Na moto ukiwaka ndani ya nyumba usihesabu saa wala dakika. Tokeni wakati huo huo, mkiwa mmeinama chini ya moshi, fungeni milango nyuma yenu, na asirudi mtu kuchukua chochote. Kila mmoja aijue aina ya hatari iliyo karibu naye na jibu lake.

Kuna jambo linalonigusa zaidi, nalo ni kuondoka bure.

Mwaka uliofuata mvua zilirudi. Maji yakagusa rangi saa kumi jioni. Tukatoka wote, mbwa na mizigo, tukalala siku tatu kwa shangazi. Mto haukufika hata barabarani. Tuliporudi majirani walicheka, mmoja akauliza kama sasa tutakuwa tunahama kila wingu likitanda. Mama mwenyewe alinuna. Niliumia, nakiri. Jioni ile nilikaa nikapiga hesabu ya tulichopoteza: nauli, siku tatu za kazi, na kucheka kwa watu. Halafu nikaweka kando yake zile siku tisa za hospitali. Sikuhitaji kuendelea na hesabu.

Ukiweka alama ya mapema, utaondoka bure mara kadhaa. Hiyo haimaanishi alama ni mbovu. Ile isiyokutoa bure hata siku moja ndiyo ya kutiliwa shaka, maana huenda imewekwa juu mno. Bangladesh mwaka 1970, ikiwa bado Pakistani ya Mashariki, ilipigwa na kimbunga kilichoua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo walijenga makazi ya dharura na kufundisha watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Katika hao milioni mbili wapo wengi ambao wangesalimika hata wangebaki. Nani angeweza kuwajua mapema?

Gharama ya kuhama ipo, na kwa wagonjwa ni kubwa. Mwaka 2005, Marekani ilipokuwa ikikwepa kimbunga Rita, basi lililobeba wazee kutoka makao yao lilishika moto karibu na Dallas na 23 wakafa, wengi wao hata kutembea hawawezi. Kwa hiyo mgonjwa na mzee watangulie, mapema kabisa, wakati barabara ziko wazi na mtu hatapakiwa kama gunia. Mfuko wa dawa za mama sasa unaning'inia kwenye mkongojo wake, usiku na mchana.

Na mzee akikataa? Mara ile ya pili mama alisema, "Mimi siondoki, kama ni kufa nitafia hapa." Nilimweleza kina cha maji, nikamtisha, nikakumbusha hospitali, akazidi kukaza. Kilichomwinua ni mdogo wangu, aliyemwambia tu, "Mama, watoto wanaogopa, hawatalala huko bila wewe." Akasimama, akauliza mkongojo uko wapi. Tangu siku hiyo nimeona kwamba mtu mzima hapendi kubebwa kama mzigo, lakini akiitwa kusaidia atakuja.

Wanyama nao wahesabiwe tangu mwanzo. Wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005, baadhi ya watu waliokataa kuhama walibaki kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia na mbwa au paka wao kule walikopelekwa, hata mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuwaweka wanyama hao kwenye mipango ya uokoaji. Sisi tulimuuliza shangazi kuhusu mbwa siku ya jua, naye akakubali.

Vyeti na hati ziko kwenye mfuko wa plastiki, nakala ziko kwa shangazi huyo huyo. Kuhusu wezi, najua hofu hiyo, nami pia niliwahi kufikiria kumwacha kijana mmoja alinde nyumba. Nikamwaza juu ya paa peke yake, nikaacha. Kurudi, rudini mchana, umeme usiwashwe kabla fundi hajakagua, na maji ya kisima msiyanywe.

Mvua za mwaka jana zilipita bila kutugusa, ila zilifubaza ile rangi kwenye nguzo. Mimi sikuona. Mama ndiye aliyerudi kutoka matembezi yake ya asubuhi, akaketi kwenye kidato cha tatu kupumzika, akaniambia nitafute kopo.