Shabiki si chupa ya asali

SWALI: Mwalimu, mimi ni kijana wa Walukuba, Jinja, Uganda. Juzi nimevaa fulana ya muziki wa singeli, wenzangu wakanicheka kwamba mimi si "mshabiki halisi", eti nimeanza kusikiliza jana. Naomba kujua: ni shabiki au mshabiki?

JIBU: Ni shabiki, wingi mashabiki. Asili yake Kiarabu, mzizi wa kunasana, ule ule uliotupa shabaka, yaani wavu. Kwa hiyo shabiki ni mtu aliyenaswa. Neno linakwenda kama rafiki, wakili na shujaa: mashabiki wamejaa uwanjani, si yamejaa. Hujasikia mtu akiitwa "mrafiki". Utanitajia msanii, naye katoka Uarabuni na kavishwa m-. Kweli. Lugha haikula kiapo cha kutenda haki.

Lakini mwanangu, hiyo m- naweza kuishi nayo. Kinachonipandisha presha ni hilo "halisi".

Halisi ni kitu safi, kisichotiwa kingine. Dhahabu halisi, sawa. Samli halisi, sawa. Asali halisi, sawa kabisa, na hapa nina kidonda: mara mbili nimenunua chupa iliyoandikwa hivyo, nikafika nyumbani na sukari guru iliyoyeyushwa. Siku hizi mke wangu huchovya kijiti cha kiberiti ndani ya asali kisha anakiwasha. Kikiwaka, asali safi. Kikifoka na kuzima, imetiwa maji. Mimi mtihani huo siuamini, maana viberiti vyetu hata vikiwa vikavu haviwaki. Ila angalau mama watoto anajua anachokitafuta: maji.

Je, hawa vijana wanatafuta nini ndani ya mtu? Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, nikamwona mmoja kakalishwa, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado, wenzake wamemzunguka. Taja nyimbo tatu. Ulianza mwaka gani? Nani alitengeneza mdundo ule? Maskini hakuweza hata kukimbia, angetoka barabarani na nusu kichwa. Alipokosa la tatu, kinyozi mwenyewe, mtu mzima, akasema, "Huyu feki."

Na muziki unaolindwa kwa mitihani hiyo ni upi? Singeli! Imezaliwa mitaa ya Dar es Salaam, Manzese na Tandale huko, kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Taarabu yenyewe ni Mwarabu, Mhindi na Mswahili katika chungu kimoja. Mwaka 2017 singeli ikatolewa nje kwa albamu ya Sounds of Sisso, na walioitoa ni Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya hapa hapa Kampala. (Jina hilo naambiwa ni la Kiganda, hamu ya kucheza isiyozuilika. Vyema. Mimi Mswahili nikilisoma mbele ya mama mkwe bado nakohoa. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili alikohoa kutuzidi sote, akalipiga marufuku tamasha lao la Jinja, kisha marufuku ikaondolewa.) Basi mtu anasimama mbele ya sinia la pilau anadai wali usiochanganywa!

Kama lazima wapangane vyeo, Kiswahili hakijawanyima maneno. Kuna shabiki lialia. Kuna shabiki kindakindaki, ingawa kindakindaki ni wa ukoo bora, na tukianza koo tutarudi kwa kinyozi. Mimi nampenda shabiki wa kutupwa. Kilichotupwa hakiwekewi bawabu.

Hukumu yangu, basi. Wakisema "mshabiki" nitanung'unika na kuendelea na chai yangu. Wakisema "shabiki halisi" nitafumba macho, umri umenifundisha kufumba. Wakiyaunganisha, "mshabiki halisi", hapo hapana, chai nitaiweka chini.

Wewe vaa fulana yako. Wakikuzunguka tena, watolee kiberiti.