Mlio Unasikika, Kifaa Hakionekani: Maswali Yenu ya USB

Diski yangu ya nje inalia tik-tik nikiichomeka mbele ya kompyuta ya mezani, kisha inapotea. Imekufa? (Mwenye saiba, Kondele, Kisumu)

Usiizike bado. Mara nyingi huo ni upungufu wa stima: mota inajaribu kuzunguka, inakosa nguvu, inaanza upya. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5. La USB 3.0, ambalo kwa kawaida lina ulimi wa buluu, 900. Matundu ya mbele huunganishwa na bodi kuu kwa waya mwembamba ndani ya kasha, na volti hupungua njiani. Chomeka nyuma, bila habu (kigawanya matundu ya USB) wala ekstensheni, kwa kebo fupi. Ikilia hata huko, na kwenye kompyuta ya pili pia, ichomoe mara moja. Hapo shaka inahamia kwenye kichwa cha kusomea, na kila jaribio laweza kukwaruza sahani za ndani zinazohifadhi data.

Flashi ina mitihani ya muhula. Taa inawaka, mlio unasikika, lakini siioni. Kompyuta nyingine inataka niifomati. (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, kataa kufomati. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika diskmgmt.msc, kisha tazama sehemu ya chini ya dirisha. Ukiiona flashi na ukubwa wake kamili lakini haina herufi, bofya kulia uipe herufi isiyotumika, tuseme K. Kazi imekwisha.

Ikiwa imeandikwa RAW, kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili, pengine kwa kuchomolewa ikiwa bado inaandikwa au stima kupotea. Mafaili yenyewe huenda yapo. Yatoe kwa PhotoRec, programu ya bure, ukiyahifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyohiyo. Yatarudi bila majina yake, kwa hiyo tenga jioni nzima ya kuyafungua moja baada ya jingine. Ikiandikwa "No Media" (haina midia), chipu ya kumbukumbu haijibu, na hakuna programu ya kuiamsha.

Simu inachaji kwenye laptopu lakini picha hazionekani. (Msomaji, Nakuru)

Kebo. Ya USB 2.0 huwa na nyaya nne: nyekundu na nyeusi za stima, nyeupe na kijani za data. Kebo nyingi za bei ya chini zina mbili za kwanza tu. Ukibadilisha na bado hola, fungua skrini ya simu, vuta arifa kutoka juu, uchague kuhamisha faili.

Nilihamisha meza, sasa printa inaonekana haipo hewani (offline). (Duka la fotokopi, Bungoma)

Umeichomeka tundu jingine. Windows huweza kuichukulia kama printa mpya, ikaipa jina lilelile lenye "Copy 1" mwishoni, huku kazi zako zikiendelea kupanga foleni kwa ile ya zamani. Irudishe tundu la awali, au fanya hiyo nakala kuwa printa chaguo-msingi (default).

Windows inasema kifaa hakitambuliki, kodi 43. (Msomaji, Webuye)

Kompyuta imekiuliza kifaa "wewe ni nani?" na haikupata jibu linaloeleweka. Jaribu kebo na tundu jingine kwanza. Kisha bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, kiondoe kifaa hicho kwenye orodha, uzime kompyuta ukiwa umeshikilia Shift. Bila Shift, Windows huenda isizimike kikamilifu. Chomoa waya wa stima, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15, washa tena. Kikikataa kwenye kompyuta mbili, ubovu ni wa kifaa.