Malai, koni na gelato: maswali ya msimu wa kaskazi

Joto limeshika Malindi na Lamu, na maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya aiskrimu. Hesabu nitakazotaja ni za aiskrimu ya kawaida ya vanila, kwa gramu 100, yaani skupu mbili ndogo.

Dada, mwanangu wa miaka sita maziwa hayataki kabisa, ila aiskrimu huila mpaka akalamba karatasi. Si ni maziwa hayo hayo? Nihesabu kwamba amekunywa? (Mama, Barani, Malindi)

Maziwa yamo, mama, lakini usiyahesabu kama bilauri. Gramu 100 zina kalori 207 hivi, mafuta gramu 11, sukari gramu 21, protini gramu tatu na nusu, na madini ya kalsiamu miligramu 130 hivi. Bilauri ya robo lita ya maziwa ina kalsiamu yapata miligramu 300 na protini gramu 8, kwa kalori 150 tu. Mwanao akitaka kalsiamu hiyo kwenye aiskrimu itabidi ale gramu 230, na humo atakuwa amemeza sukari gramu 48. Hivyo ni vijiko vya chai kumi na viwili! Kiasi kama robo yake ni sukari ya maziwa yenyewe, iliyobaki imetiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kutiwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na mtoto wa miaka sita hafiki kalori hizo.

Utashangaa mbona sukari yote hiyo haisikiki mdomoni. Baridi huutia ulimi ganzi. Acha kijiko kimoja kwenye kikombe kiyeyuke mpaka kipate joto la chumba, halafu kionje. Wengi hawakimalizi.

Maziwa ya bilauri akiyakataa, yatie kwenye uji, au mpe mtindi. Dagaa wakavu waliokaangwa pia wana kalsiamu nyingi kwa sababu huliwa na miba yao. Aiskrimu ale Ijumaa jioni mkienda ufukweni, na aile kama kitu kitamu, si kama dawa.

Hizi gelato za Wataliano na aiskrimu ya kopo ya dukani, ipi inanenepesha zaidi? (Kijana wa bodaboda, Maweni)

Wataliano walianza kuzoea pande zetu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni. Roketi zilikwisha, gelato imebaki. Mimi silalamiki.

Gelato hutiwa maziwa mengi na krimu kidogo, kwa hiyo mafuta yake kwa kawaida huwa chini ya aiskrimu. Lakini tofauti kubwa ni hewa. Aiskrimu hupigwa ikiwa inaganda, ikavuta hewa, na ile ya bei rahisi nusu ya kopo huwa hewa tupu. Ndiyo maana kopo mbili za lita moja moja zinaweza kuwa moja ina nusu kilo na nyingine inakaribia kilo. Gelato haipigwi sana, imeshiba, ni nzito. Skupu ya gelato na skupu ya kopo zikilingana kwa ukubwa, kalori zao huweza kukaribiana, japo ya gelato ina mafuta machache.

Basi ukiwa dukani angalia gramu, usiangalie lita. Kisha soma viungo: ukikuta mafuta ya mawese au ya nazi mahali pa krimu, ujue hayo si mafuta ya maziwa. Si sumu, ila usiuziwe kwa bei ya krimu.

Assalamu alaikum dada. Maziwa yananivuruga tumbo. Nikila aiskrimu ya tui la nazi, si ndiyo nyepesi? (Langoni, Lamu)

Waalaikum salaam. Kwa tumbo, ndiyo: tui halina laktosi, ile sukari ya maziwa inayokusumbua. Kwa uzito, hapana. Tui zito lina mafuta mengi kuliko maziwa, na mengi ya hayo ni yale yanayoganda, ambayo madaktari wa moyo hawayapendi. Kalsiamu nayo ni kidogo mno.

Tena, wengi wenye tatizo lako huvumilia laktosi kidogo, hasa baada ya chakula. Gramu 100 za aiskrimu zina kama gramu 5 au 6, nusu ya ile ya bilauri ya maziwa. Jaribu koni ndogo siku usiyokuwa na safari ya boti.

Nauza barafu za ukwaju na za ubuyu nyumbani. Watoto wanapata lishe yoyote? (Shela)

Ubuyu wenyewe una vitamini C na kalsiamu nzuri, ila kwenye barafu moja unga wake ni vijiko vichache. Mafuta hakuna, isipokuwa ukitia tui. Shida ni sukari. Ukitia kilo moja kwenye lita tano za maji, kila barafu ya mililita 100 inabeba karibu gramu 18. Soda ina gramu 10 au 11 kwa kiasi hicho!

Usiikate yote mara moja, maana sukari ndiyo inayozuia barafu isiwe jiwe, na wateja watakukimbia. Punguza robo kikombe kila wiki na uongeze ukwaju. Maji yachemshe kwanza.

Nina ugonjwa wa sukari. Mjukuu akininunulia koni niikatae? (Mzee, Mkomani)

Usimvunje moyo, mzee wangu, lakini iwe skupu moja, na siku hiyo upunguze wali au uache halua. Mafuta ya aiskrimu hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Inapanda polepole kuliko ya soda, ila inapanda. Kama una mashine, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, daktari wako azione namba hizo.

Jambo jingine ambalo watu wengi hukosea: sukari ikishuka, ukaanza kutetemeka na kutokwa jasho, usikimbilie aiskrimu. Mafuta yale yale yataichelewesha. Kunywa juisi, soda ya kawaida au maji ya sukari.

Kwenye kopo imeandikwa E471. Ni halali? (Majengo)

Ni mafuta ya kuunganisha maji na krimu. Hutoka kwenye mimea au kwa mnyama, na namba haisemi ni kipi. Tafuta nembo ya halali. Gelatini, kiungo cha kugandisha, nayo hutoka kwa mnyama. Karajenani, kiungo cha kutia uzito, hutoka kwenye mwani, na mwani wa kutengenezea hiyo karajenani hulimwa hapa hapa pwani, Kibuyuni kule Kwale, na Unguja pia.

Stima ikipotea, aiskrimu ikayeyuka, nikiigandisha tena lishe inapungua? (Mpeketoni)

Lishe haipungui, ila usiile. Kuganda hakuui vijidudu, huvilaza tu, na vilipata saa nzima za kuzaana. Dukani pia kagua: ukifungua ukakuta chenga za barafu juu, na aiskrimu imezama chini ya ukingo wa kopo, hiyo ilishayeyuka ikatoa hewa. Irudishe.