Mwanangu, mimi nilipiga makofi

Mbukwa mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza upepo ulikuwa unarusha vumbi sikushika kitu. Unauliza kama Wajerumani walifanya sawa 2024 kumpiga Björn Höcke, mwanasiasa wa AfD, kile chama cha mrengo mkali wa kulia, faini ya euro 13,000 kisa kauli mbiu ya wanamgambo wa Hitler aliyoitamka mkutanoni. Unanijua, mimi nasema mtu mwache aseme amalize, ukimziba mdomo ataenda kunong'ona na minong'ono haijibiki.

Ila usiku nimemkumbuka yule mzee wa duka. Wewe ulikuwa mgongoni, baba yako yuko Mererani. Mvua ilikata mapema, debe la mahindi linapanda kila wiki, akatokea kijana anajua kuongea huyo, akapanda juu ya tela la trekta pale mnadani akasema sisi ndo wananchi wenyewe, halafu kuna hawa waliokuja na mizani. Hakutaja jina, hakusema piga wala choma. Lakini duka lenye mizani lilikuwa moja tu na shingo zote ziligeuka huko. Na mimi nikapiga makofi mwanangu, mpaka ukaamka unalia.

Siku ya tatu mzee kahama usiku na mke wake, na ndo yeye aliyetukopesha unga ulipougua surua. Mizani ikabaki inaning'inia mlangoni, watoto wanaibembea.

Kwa Marekani, tangu kesi ya Brandenburg iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu yao 1969, kijana yule hana kosa, maana hakuwachochea watu wavunje sheria palepale. Wajerumani walishaona maneno ya hivyo yanaishia wapi ndo maana wanawahi. Na hapo jirani Rwanda 1994 redio RTLM iliwaita Watutsi mende, hukumu ya waanzilishi wake ikatoka kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa Arusha 2003, watu walishazikwa zamani.

Nikifika hapo nasema basi wazibwe mapema! Halafu nakumbuka mwenyekiti wetu baada ya mzee kuhama alipiga marufuku mtu yeyote kuongea mnadani, eti amani, na wa kwanza kunyamazishwa hakuwa yule kijana, ni mama mmoja aliyeuliza hela za zahanati tulizochanga ziko wapi. Sasa sheria ile ilimlinda nani?

Mtu mwache aseme amalize, lakini asimame wa kumjibu hapohapo. Siku ile hakusimama mtu, na mimi mdomo nilikuwa nao, ningesema tu jamani huyu mzee anatudai unga na hajatudai kwa nguvu.

Kuhusu Höcke, mtu aliyekuwa mwalimu wa historia halafu anasema hakujua kauli mbiu ile ilikuwa ya wanamgambo wale, hapo natamani kukwambia faini ilikuwa halali yake kabisa. Sikuandikii hivyo, bado.

Mke wa yule mzee nilikutana naye soko la Sabasaba wewe ukiwa chuo. Akanisalimia vizuri tu, akauliza yule mtoto wa surua hajambo? Nikasema hajambo, anasoma. Basi nikashindwa kuongeza neno.