Chatiboti zinakugombania: usilipe kwa mwaka, na acha mlango wa kutokea

Februari 2023 kampuni ya OpenAI ilianza kuuza ChatGPT Plus, kifurushi cha kulipia cha chatiboti yake (programu inayojibu maswali yako kwa maandishi kama mtu), kwa dola 20 kwa mwezi. Septemba mwaka huohuo Anthropic ikaja na Claude Pro, dola 20. Februari 2024 Google ikaleta Gemini Advanced, dola 19.99. Kampuni tatu zinavutana mashati, lakini bei ya kifurushi hicho imekaa palepale. Anayengoja ushindani uishushe atangoja sana. Vita vimepiganwa kwingine: kwenye kile unachopewa bure, kwenye kile kinachoongezwa ndani ya dola 20 zilezile, na kwenye bei ya jumla wanayolipa watengenezaji wa programu. Ukijua hapo ndipo mahali pa kuchuma, hutatoa fedha kwa pupa.

Tazama kilichotokea mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari DeepSeek ya China ilitoa modeli (yaani ubongo wa chatiboti) ya R1, inayofikiri hatua kwa hatua kabla ya kujibu, ikaifungua bure na kumruhusu yeyote aipakue. Kwenye ChatGPT, modeli za aina hiyo zilikuwa za wanaolipa. Tarehe 31 Januari OpenAI ikatoa o3-mini na kuwafungulia hata wasiolipa. Siku 11 tu. Kwa hiyo kama kuna kipengele kimoja tu kinachokufanya utake kulipa, subiri kidogo. Kuna nafasi kubwa kwamba mpinzani atakitoa bure, au mwenye nacho mwenyewe atakishusha.

India ndiko soko linakochemka zaidi. Agosti 2025 OpenAI ilianzisha huko kifurushi kidogo cha ChatGPT Go kwa rupia 399 kwa mwezi. Kabla ya hapo, Julai, kampuni ya simu ya Airtel ilikuwa imeshawapa wateja wake Perplexity Pro, kifurushi cha kulipia cha chatiboti nyingine, kwa mwaka mzima bila malipo. Mwishoni mwa Oktoba, kampuni nyingine ya simu, Jio, na Google wakatangaza miezi 18 ya bure ya kifurushi cha kulipia cha Gemini, na kuanzia tarehe 4 Novemba OpenAI ikaigawa Go kwa mwaka mzima bure. Ofa za namna hii zikikufikia zichukue, lakini kwa macho mawili: mara nyingi zinadai kadi ya malipo tangu siku ya kwanza, na siku ya mwisho ikipita makato yanaanza yenyewe.

Ndiyo maana namna ya kulipa ni muhimu kuliko chapa unayoichagua. Lipa kwa mwezi, hata kama punguzo la mwaka linavutia, kwa sababu miezi 12 kwenye biashara hii ni muda mrefu mno. Tumia kadi pepe, ile ya namba tu isiyo ya plastiki, inayojazwa fedha kabla ya matumizi, na uiwekee fedha za mwezi mmoja tu. Ikikosa salio, malipo ya kujirudia yanakwama na hudaiwi kimyakimya. Ukishalipa, ingia siku hiyohiyo usitishe kujirudia. Kwa kawaida huduma inaendelea mpaka siku ulizolipia ziishe. Ukilipia kupitia Play Store au App Store, usitishe hukohuko dukani. Kosa linalowagharimu wengi ni kufuta programu kwenye simu wakidhani wamejitoa. Programu inafutika, makato yanabaki. Angalia pia kama bei unayoonyeshwa ina kodi ndani. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, kwa hiyo dola 20 inaweza kuwa 23.20 au 23.60. Na kabla ya kupakua, soma jina la mtengenezaji chini ya jina la programu. Ukikuta nembo inayofanana na ya ChatGPT lakini mtengenezaji si OpenAI, na inadai malipo ya kila wiki, achana nayo.

Sasa, ipi ni bora? Orodha za ushindi mtandaoni hazikusaidii sana. Aprili 2025 Meta, wenye WhatsApp, ilipotoa modeli yake ya Llama 4, ilibainika kwamba toleo lililopanda juu kwenye jedwali la LMArena, tovuti ambako watu hupigia kura majibu ya chatiboti, lilikuwa la majaribio, lililorekebishwa kwa mazungumzo, si lile ambalo watu waliweza kulipakua. Tena majedwali mengi hupimwa zaidi kwa Kiingereza. OpenAI ilipotoa modeli ya GPT-4 mwaka 2023, mtihani uleule wa maarifa iliufaulu kwa asilimia 85.5 kwa Kiingereza na 78.5 kwa Kiswahili. Pengo la namna hiyo huwezi kulipima kwa kusoma sifa. Lazima ujaribu kwa lugha yako na kazi yako.

Jaribio zuri linachukua saa moja. Andaa maswali kumi kwenye faili, saba yatoke kwenye kazi unayofanya kweli: barua uliyowahi kuandika, hesabu ya duka, mkataba wa kupanga nyumba. Matatu yawe ya kutega. Fungua mazungumzo mapya kwa kila swali na uzime kumbukumbu, maana chatiboti inayokukumbuka itaonekana hodari kuliko mgeni kwa sababu tu inakujua. Bandika maneno yaleyale, herufi kwa herufi. Uliza kila swali mara mbili, kwa sababu majibu hubadilika, na ile inayopatia mara moja kati ya mbili haijapatia. Fanya hivyo mwanzoni mwa siku: kwenye huduma za bure, kiwango chako kikiisha unaweza kuhamishiwa modeli ndogo, ukajikuta unapima kitu kingine kabisa. Mwishoni futa majina ya chatiboti kwenye majibu na umpe mtu mwingine ahukumu.

Mitego ya Kiswahili ni rahisi kuitunga na inafichua mengi. Anza na saa: “Kikao ni saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi. Niandikie kwa mfumo wa saa 24 na tarehe yake.” Jibu ni 01:00, Jumamosi yenyewe. Ile inayokuandikia 07:00 au 19:00 usiikabidhi ratiba yako. Halafu ngeli: iambie iweke kwenye wingi “Ufunguo wangu mrefu umevunjika.” Inatakiwa iseme “Funguo zangu ndefu zimevunjika”, ikiandika “mirefu” au “virefu”, barua zako zote utazisahihisha mwenyewe. Kisha uliza gunia la mahindi lina kilo ngapi. Kenya hesabu ya kawaida ni 90, Tanzania 100, na inayofaa ni ile inayokuuliza uko wapi au inayotaja zote mbili. Mwisho tunga methali isiyokuwepo, mathalani “Mwenye ndoo mbili haogopi mvuvi,” uombe maana na asili yake. Inayokiri kwamba haiijui ina thamani kubwa kuliko inayokusimulia wahenga wa Lamu waliisema lini. Mtego huu ndio wenye uzito kuliko yote, maana uongo uleule utaingia kwenye vifungu vya sheria na dozi za dawa. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Kugombania watumiaji kumeleta tatizo jingine, la sifa za bure. Mwishoni mwa Aprili 2025 OpenAI ililazimika kurudisha nyuma toleo la GPT-4o baada ya siku chache, kwa sababu lilikuwa linakubali na kusifia karibu kila kitu. Maelezo yao wenyewe yalitaja uzito uliowekwa kwenye vidole gumba ambavyo watumiaji hubonyeza chini ya majibu. Mtu hupenda kusifiwa, hubonyeza, na mashine hujifunza. Usiulize “Mpango wangu wa biashara ukoje?” Andika: “Kuna mtu ameniletea mpango huu anataka nimkopeshe milioni mbili. Nipe sababu tano za kumkatalia.” Mpango ni uleule, lakini sasa kukupendeza maana yake ni kuukosoa.

Uhuru wa kuhama ndio silaha yako, na unapotea polepole. Watumiaji wa WhatsApp waliliona hili wazi. Oktoba 2025 Meta ilitangaza kwamba chatiboti za jumla za kampuni nyingine hazitaruhusiwa tena humo kuanzia tarehe 15 Januari 2026. ChatGPT iliwataka watu waunganishe namba na akaunti yao ili wasipoteze mazungumzo. Waliokuwa wakitumia Copilot ya Microsoft waliambiwa mazungumzo hayahamishiki, wayatoe wenyewe kabla ya siku hiyo. Kwetu, ambako kwa watu wengi WhatsApp ndiyo intaneti, hilo ni pigo zito.

Kinga yake haina gharama. Mara moja kwa mwezi omba nakala ya data yako. Kwenye ChatGPT iko ndani ya mipangilio, sehemu ya vidhibiti vya data. Kiungo huja kwa barua pepe na hufa baada ya saa 24, kwa hiyo pakua mapema. Claude nayo ina sehemu hiyo chini ya faragha, na ya Gemini unaipitia Google Takeout. Hata hivyo nakala hiyo ni ghala tu. Kinachokufanya uhame leo na kuendelea na kazi leo ni faili moja fupi, nusu ukurasa, unaloliweka kwenye simu: wewe ni nani, unaandikia nani, maneno unayoyapenda na usiyoyataka, mifano miwili ya kazi iliyokuridhisha. Ukilibandika kwa chatiboti mpya, inakuwa karibu sawa na ile uliyoizoea kwa mwaka.

Mwenye duka anayetaka chatiboti ya kujibu wateja asinunue vifurushi vya dola 20. Aulizie bei ya tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo watengenezaji wa programu hulipia. GPT-4 ilipotoka Machi 2023, tokeni milioni moja za kuingiza (za swali) ziligharimu dola 30. Julai 2024 GPT-4o mini ikatangazwa kwa senti 15 kwa milioni za kuingiza na senti 60 kwa milioni za kutoa (za jibu). Kwa bei hiyo, ujumbe 1,000 wenye tokeni 500 za swali na 500 za jibu ni kama senti 38. Kinachoharibu hesabu ni kwamba kila ujumbe mpya hubeba mazungumzo yote yaliyotangulia, kwa hiyo mteja anayeuliza mara 20 anakula mara nyingi zaidi ya 20. Tena neno la Kiswahili kama “wanaokutegemea” hukatwa vipande vingi. Kata historia ibaki jumbe sita za mwisho, na uweke kikomo cha matumizi cha mwezi kabla ya kuwasha.

Na kwa kila chatiboti unayoijaribu, zima ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuifundisha, kabla ya swali la kwanza. Kujaribu nne ni kuacha nyayo mahali panne. Agosti 2025 Anthropic ilitangaza kwamba itahifadhi hadi miaka mitano mazungumzo ya aliyeruhusu, na siku 30 ya asiyeruhusu. Google huweza kubaki hadi miaka mitatu na mazungumzo ya Gemini yaliyopitiwa na watu, hata ukifuta. Orodha ya wateja wenye namba za simu usiibandike popote. Chini ya sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, anayewajibika ni wewe uliyeikusanya. Jaribio likiisha, futa akaunti zile usizozihitaji ukiwa ndani ya mipangilio, ndipo ufute programu.